Lori Likivua Magwanda: Je, Litafaa Kuwa Tipa ya Ufipa?

Mjini Sumbawanga mchanga huuzwa kwa tripu. Mwenye ujenzi haulizi tani. Anauliza tripu ya Kenta ni shilingi ngapi na ya Fuso ni shilingi ngapi, na akiwa na msingi mkubwa anauliza ya Howo. Kwenye biashara hiyo ya tripu ndiko huzuka wazo la kununua lori la jeshi lililostaafu na kuligeuza tipa. Mvuto wake unaeleweka. Majeshi mengi ya Ulaya huyaondoa malori kazini kwa kuhesabu miaka, kilomita hazitazamwi sana. Kwa hiyo lori la 1990 linaweza kupigwa mnada likiwa limetembea kidogo kuliko Fuso ya juzi inayoshinda barabarani kati ya Tunduma na Mpanda. Ekseli zake ni nene, lina difu ya mbele, matairi yake yanamfika mtu kiunoni. Mtu akiiona bei yake, kisha akakumbuka bei ya tipa mpya ya Kichina, anajikuta tayari kichwani ameshang'oa bodi ya mbao na kuweka ya kumwaga.

Wanaolipinga wazo hili huanza na uzee. Mimi uzee haunitishi sana. Nchi hii imebebwa kwa miongo na Scania zilizounganishwa kiwanda cha TAMCO pale Kibaha, nyingi zikiwa zimeshazeeka kuliko madereva wake. Kinachonitia shaka ni kingine: lori la jeshi huundwa libebe mzigo wa wastani na kufika popote, hata pasipo na barabara. Tipa huundwa ibebe mzigo mkubwa kwa safari fupi, halafu iuinue na kuumwaga. Kazi hizi mbili zinataka chuma cha aina mbili. Na pale zinapogongana, anayelipa ni mwenye gari.

Kwanza tujue tunazungumzia malori gani. Jeshi la Uingereza lilitumia Bedford MK ya tani 4 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha ndugu yake MJ. Kuanzia 1990 ikaja Leyland DAF ya tani 4, nayo ikapisha MAN mpya zilizoanza kupokelewa 2007. Magari hayo yaliyotolewa huuzwa kwa zabuni na kampuni kama Withams ya Lincolnshire. Ujerumani mauzo ya mali ya jeshi hupitia VEBEG, kampuni ya serikali iliyoko Frankfurt, na huko ndiko zinakotoka Unimog na MAN za KAT1. Wamarekani wana M35, maarufu kwa jina la tani mbili na nusu, na ukoo wa tani tano wa M54, M809 na M939. Kwa msomaji wa Rukwa jambo la kwanza la kuangalia ni usukani. Bedford na Leyland DAF nyingi zina usukani wa kulia, za Wajerumani na Wamarekani ni kushoto. Dereva aliyekaa kushoto anayetaka kulipita basi kwenye kona za Laela anahitaji tandiboi mwenye macho mazuri na ukweli mwingi.

Basi tuichukue Bedford MK, kwa kuwa ndiyo nyepesi kupatikana na ndiyo rahisi kwa fundi wetu kuielewa. Tupu ina tani 5 na kitu. Ikiwa imebeba mzigo wake halali haifiki tani 10. Ukitoa bodi yake na kuweka ya kumwaga, unaongeza uzito: sakafu ya bati nene, kuta, fremu ya pili juu ya chesisi, jeki, pampu na tangi la mafuta ya haidroliki. Kazi ikifanywa kwa uimara, ongezeko hilo linakula nusu tani au zaidi kutoka kwenye zile nne. Tuseme zimebaki tatu na nusu. Mchanga wenye unyevu kidogo una tani 1.6 hadi 1.7 kwa meta moja ya ujazo, na ulionyeshewa unazidi hapo. Lori lote hilo, pamoja na ekseli zake na matairi yake ya 12.00-20, linabeba meta mbili za ujazo na chenji.

Hiyo ni tripu ya Kenta.

Kenta yenyewe inaifanya kazi hiyo kwa injini ya lita nne hivi na matairi madogo yanayouzwa kila kona. Dereva anageuza gari ndani ya kiwanja, na spea zake unazipata Sumbawanga mjini kabla chai haijapoa. Bedford inaifanya kwa injini ya lita 5.4 inayozungusha propela mbili, transfa na difu ya mbele hata siku ambayo barabara ni kavu na nyeupe. Mwenye lori atajibu kwamba tani 4 za jeshi ni hesabu ya porini, na kwamba barabarani gari linaweza zaidi. Ana haki kiasi. M35 ya Wamarekani iliandikiwa tani mbili na nusu nje ya barabara na tano barabarani. Lakini hapo anajichoma mwenyewe. Kama analinunua kwa ajili ya barabara nzuri, Fuso ya kawaida inamshinda kwa mzigo na kwa dizeli. Kama analinunua kwa ajili ya njia za vijijini mwezi wa pili, basi inarudi ile ile hesabu ndogo ya porini.

Kuna wakati jibu lingekuwa tofauti. Kabla ya lami, Sumbawanga ilikuwa mji unaofikiwa kwa ahadi. Mkataba wa 2008 kati ya Tanzania na shirika la Marekani la Changamoto za Milenia ndio uliotoa fedha za lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220. Ikafuata lami ya kwenda Matai hadi bandari ya Kasanga, kilomita 112, na ile ya kuelekea Namanyere na Mpanda. Kwenye Ufipa ya miaka ya 1980, lori lenye difu ya mbele lilikuwa na thamani ambayo leo limeshaipoteza nusu nzima, bila lenyewe kuharibika hata nati moja. Lami imeingiza Howo na Faw hadi uwandani. Tipa ya matairi kumi inaruhusiwa kisheria kupima tani 26 pamoja na mzigo, tani 8 kwenye ekseli ya usukani na 18 kwenye zile mbili za nyuma. Ukitoa uzito wake mtupu, inamwaga kwa safari moja kile ambacho Bedford ingekisomba kwa safari nne.

Tuingie gereji sasa, maana huko ndiko hoja ya chuma inakoonekana kwa macho. Chesisi ya malori mengi ya jeshi imekusudiwa ijipinde. Gurudumu moja la mbele likipanda kichuguu na la nyuma la upande wa pili likizama shimoni, fremu inajisokota kama kitanda cha kamba kwenye sakafu isiyo sawa, na matairi yote yanabaki yamegusa ardhi. Ndiyo siri ya gari kupita kwenye matope. Kwa sababu hiyo bodi ya mbao ya kiwandani haikufungwa kwa ukali kila mahali. Imeachiwa nafasi icheze. Bodi ya kumwaga inataka kinyume chake. Jeki inapoinua tani tatu na nusu, mzigo wote unaegemea sehemu mbili tu, kwenye jeki na kwenye bawaba za nyuma. Chesisi ikijipinda wakati huo bodi inalala upande, jeki inasukuma mshazari, na tipa inaanguka. Dawa ni fremu ya pili ya chuma cha chaneli, ndefu kama chesisi, inayougawa mzigo. Nyuma inafungwa kwa mabamba yasiyocheza, mbele inafungwa kwa bolti zenye springi ili pale mbele fremu ya chini iendelee kujisokota.

Fundi wa haraka hafanyi hivyo. Anachukua mashine ya kuchomelea na kuiunganisha fremu ya pili moja kwa moja na chesisi, mshono kutoka mbele hadi nyuma. Siku ya kwanza inapendeza. Lakini chuma cha chesisi ni chuma cha nguvu, na moto wa kuchomelea unakilegeza pembeni mwa mshono. Ufa huanza hapo, mara nyingi kwenye ukingo wa juu au wa chini wa boriti, ambapo mvutano ni mkubwa, na ndipo pale pale ambapo fundi mwingine angetoboa tundu la bolti. Kanuni ya watengeneza bodi kote duniani ni moja: toboa ubavuni mwa boriti, usiguse kingo zake. Ukikagua lori lililokwisha kugeuzwa, usianze na injini. Lala chini, washa tochi, pitisha kidole kwenye kingo za chesisi nyuma ya kibini na juu ya ekseli ya nyuma.

Majeshi yenyewe yanajua haya. Jeshi la Marekani lilipotaka tipa halikugeuza lori lake la mizigo. Liliagiza tipa kiwandani. M51, na baada yake M817 na M929, ni ndugu wa lori la tani tano, ila umbali kati ya ekseli ya mbele na za nyuma umepunguzwa kutoka inchi 179 hadi 167. Sentimeta thelathini zinaonekana ndogo, lakini zinaufupisha mkono wa bodi, zinaipa chesisi ugumu, na zinaiachia jeki kazi nyepesi. Bodi yake ilikuwa ya yadi tano za ujazo, chini kidogo ya meta nne. Yaani hata lori la matairi kumi lenye injini ya Cummins ya lita 14, likiwa tipa halisi ya kiwandani, lilipewa mzigo ambao fundi wa Sumbawanga angeuona ni dharau kwa gari la ukubwa huo.

KAT1 ya Wajerumani ni mtoto wa pekee katika ukoo huu. Chesisi yake ni ya boksi, haijipindi, na springi zake ndizo zinazofanya kazi yote ya kufuata ardhi. Kwa tipa huo ni msingi mzuri kuliko wote. Halafu unaitafuta injini na kukutana na Deutz ya silinda nane inayopozwa kwa hewa, inayokunywa dizeli bila aibu, na lori lenyewe linavaa matairi ya 14.00R20 ambayo hutayaokota kwenye duka la Mpanda.

Jambo zuri nililoliona katika malori haya, na wanaoyapinga hulisahau, ni winchi. Lori lililokuja na winchi tayari lina kipande kinachochota nguvu kwenye giaboksi au transfa. Fundi akikiunganisha na pampu ya haidroliki amejiokolea kazi ngumu kuliko zote za kugeuza gari kuwa tipa, na amejiokolea kuchonga gia kwa kubahatisha. Umeme wake ni wa volti 24 kama malori mengine makubwa. Tairi ya 12.00-20 ya Bedford ni saizi ile ile inayovaliwa na Howo, kwa hiyo mwenye lori haachwi mkiwa. Haya si madogo. Gari linaweza kuwa na kasoro ya kimsingi na bado likawa na sehemu mbili tatu zilizokaa sawasawa.

Kimo ni habari nyingine. Sakafu ya lori la jeshi iko juu kwa sababu chini yake kuna ekseli kubwa na nafasi ya kupitisha jiwe. Kwenye mashimo mengi ya mchanga mzigo hupakiwa na vijana wenye mabeleshi. Kwenye Kenta, kijana anarusha beleshi likavuka ukuta wa bodi akiwa amesimama wima, mikono ikiishia kifuani. Kwenye Bedford yenye ukuta wa tipa, anarusha juu ya kichwa chake. Upepo unamrudishia mchanga machoni, kila beleshi linamwaga sehemu yake njiani, na baada ya nusu saa vijana wanaanza kusimama na kuzungumza. Bei ya kupakia itapanda, au lori litapangwa foleni ya mwisho. Sijaona hesabu ya wauza malori inayoliweka jambo hili, ila mwenye gari atakumbana nalo wiki ya kwanza. Na mzigo uliokaa juu una hatari yake pia: tipa iliyoinua bodi mahali penye mteremko mdogo tu wa ubavuni, mchanga mbichi umegoma kutoka upande mmoja, inalala.

Kisha kuna uwanda wenyewe. Sumbawanga iko kwenye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, na injini ya dizeli isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Bedford MK iliyoandikiwa nguvu za farasi 106 kule Uingereza inafika Sumbawanga ikiwa na chini ya 90. Leyland DAF yenye Cummins ya lita 5.9 na tabo inaizidi kidogo kwa bei, lakini inapumua. Kama kuna lori la jeshi la tani 4 linalostahili kufikiriwa kwa Ufipa, ni hilo, na sababu mojawapo ni kwamba injini hiyo ina ndugu wengi duniani na spea zake hazijafa.

Kupanda kunachosha, kushuka kunaua. Barabara ya Ntendo kwenda Muze inaanguka kutoka uwandani hadi bonde la Ziwa Rukwa kupitia ukingo wa Lyamba lya Mfipa, karibu mita 900 za kimo. Lori la tani 9 na nusu linaposhuka hapo kwa mwendo mmoja, breki na injini kwa pamoja zinapaswa kumeza joto linalotosha kuchemsha lita 250 hivi za maji. Dereva anayejua anashuka na gia ile ile ambayo angepandia, na injini inabeba sehemu kubwa ya joto hilo. Asiyejua anakanyaga breki mpaka ngoma zinanuka. Gia za transfa za lori la jeshi ni msaada wa kweli hapa, mradi dereva azitumie. Lakini breki zake ziliundwa kwa uzito uliopangwa, na hapa tunafika kwenye ugonjwa wa kawaida wa tipa zetu: mabati ya kuongezea kimo cha bodi.

Sheria kwa kweli haina ugomvi na lori hili likibeba mzigo wake. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, iliyoanza kutumika Tanzania Machi 2019, inairuhusu ekseli ya nyuma yenye matairi manne ipime tani 10. Yenye matairi mawili inaruhusiwa pungufu. Malori mengi ya jeshi ya tani 4 yana tairi moja moja kila upande nyuma, kwa sababu tairi pacha hunasa matope na mawe katikati. Bedford yenye mzigo halali inapita mzani bila wasiwasi. Ila mwenye gari anayetazama ule ukubwa wote na kuona unarudi na tripu ya Kenta hatavumilia mwezi. Ataongeza mabati. Tani tatu na nusu zitakuwa sita, na siku akifika mzani atajua tairi moja moja maana yake nini. Akiepuka mzani kwa kubaki njia za ndani, zile za TARURA, basi anayezilipia ni sisi wote, maana hizo ndizo barabara zinazopasuka kwanza.

Kuingiza gari nako kuna vikwazo, ingawa si vya kukataza. Kenya imeweka ukomo wa miaka 8 kwa magari yaliyotumika, kwa hiyo lori la 1990 haliingizwi huko kama gari la kawaida. Tanzania haijafunga mlango. Inatoza zaidi kwa gari lililozeeka, na watu huita ushuru wa uchakavu. Anayesikia bei ya mnada wa Lincolnshire asijidanganye kwamba ndiyo bei ya lori. Kuna meli, bandari ya Dar es Salaam, ushuru, ukaguzi, kisha zaidi ya kilomita 1,100 za kulileta Sumbawanga kwa gari lenye mwendo wa kizee. Bodi ikibadilishwa, kadi nayo ibadilishwe, na lori la biashara linahitaji leseni ya LATRA. Rangi ya kijani nayo ipigwe nyingine mapema. Mwaka 2023 JWTZ iliwapa raia siku saba kurudisha mavazi yanayofanana na ya jeshi, na ingawa agizo lilihusu nguo, sidhani kama kuna mwenye tipa anayetaka kujadiliana kuhusu tafsiri ya agizo hilo barabarani saa mbili usiku.

Tukiacha sheria, historia ya nchi hii ina jaribio moja kubwa la kugeuza zana za vita kuwa za kazi, na lilifanyika mchana kweupe. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga Tanganyika: Kongwa kwanza, kisha Urambo na Nachingwea. Lengo lilikuwa ekari zaidi ya milioni tatu. Matrekta mapya hayakupatikana, Ulaya yote ikijijenga upya baada ya vita, kwa hiyo wakanunua matrekta na mabuldoza yaliyoachwa na majeshi huko Ufilipino. Kiwanda cha Vickers-Armstrongs nacho kikachukua vifaru vya Sherman, kikavitoa mnara na mzinga, kikavigeuza matrekta yaliyopewa jina la Shervick. Mabuldoza yalifika yakiwa yameshakula mvua na kutu. Shervick hazikuwahi kuwa trekta nzuri. Magari yalirundikana karakana ya Kongwa yakisubiri spea, na mbuyu ukabaki umesimama. Januari 1951 mradi ukafutwa, na pauni milioni 36 zikaenda. (Kongwa hiyo hiyo kuanzia 1964 ikawa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Zana za vita zilishindwa kulima, shamba likawa kambi.)

Kwa kawaida mradi wa karanga husimuliwa kama kisa cha ujinga wa Wazungu kuhusu udongo na mvua. Udongo ulihusika, mvua zilihusika. Lakini ukiusoma kwa jicho la gereji unaona kitu kingine. Jeshi likinunua gari, linanunua pamoja nalo ghala la spea, karakana ya kila daraja, mafundi waliofundishwa gari hilo tu, na gari la kuvuta lililoharibika. Gari linaonekana imara kwa sababu nyuma yake kuna watu wengi wasioonekana. Siku ya mnada ghala halipigiwi nyundo. Raia anabaki na lori ambalo tabia yake yote ilitegemea mfumo ambao yeye hana, wala hawezi kuujenga kwa gari moja.

Mfano wa kinyume uko Ziwa Tanganyika, pembeni mwa mkoa wenyewe wa Rukwa. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg 1913, ikaletwa Kigoma kwa vipande ndani ya maelfu ya masanduku, ikashushwa majini 1915, ikafungwa mizinga. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha kwa mikono yao. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, ikitia nanga Kasanga, Kipili, Kirando na Kabwe kwa miongo mingi kuliko umri wa meli yoyote ya kawaida. Hiyo nayo ilivua magwanda. Ila iliporudi uraiani ilirudi kwenye kazi iliyoundiwa, ya kubeba watu na mizigo, na ilikuwa na reli na karakana Kigoma zinazoihudumia. Mizinga ndiyo iliyokuwa nyongeza. Shervick iliombwa iwe kitu ambacho haikuwahi kuwa.

Nchi yetu ilijaribu pia njia ya tatu. Kituo cha Nyumbu, Kibaha, kilichoanzishwa 1985 chini ya Wizara ya Ulinzi, kilikuwa na nia ya kutengeneza lori letu wenyewe, la jeshi na la raia. Malori ya mfano yalitengenezwa. Uzalishaji mkubwa haukufika. Ungefika, swali la makala hii lingekuwa jepesi: spea zingetoka Pwani.

Huwa nasikia watu wakitaja ufuaji chuma wa Wafipa, yale malungu marefu ya udongo yaliyoyeyusha chuma kwa hewa inayojivuta yenyewe bila mivukuto, kama ushahidi kwamba mafundi wa Sumbawanga wanaweza lolote. Ni urithi wa kujivunia. Haumwambii fundi bolti ya fremu ya pili ikazwe kiasi gani.

Mshindani wa kweli wa lori hili vijijini wala si Howo. Ni trekta lenye tela. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, SUMA JKT ilisambaza matrekta ya mkopo, ya Farmtrac na New Holland, chini ya Kilimo Kwanza, na wengine wakanunua ya kwao. Trekta lina haidroliki tayari kutoka kiwandani. Tela la kumwaga linaungwa kwa paipu moja. Linapita tope, kimo cha tela ni cha kijana mwenye beleshi, na msimu wa kilimo ukianza linang'olewa tela na kufungwa jembe. Kwa kubeba moramu kilomita tano kutoka shimoni hadi kwenye kipande cha barabara ya kijiji wilayani Kalambo, au matofali kutoka tanuru hadi kiwanja cha shule, lori la jeshi halina namna ya kulishinda kwa gharama. Linalishinda kwa umbali. Kilomita 30 au 40 za njia mbaya, mzigo tani tatu, trekta linakuwa polepole mno na Fuso inakwama. Hapo ndipo penye nafasi yake halisi, na ni nafasi nyembamba: vijiji vya ndani vya Nkasi na Kalambo wakati wa masika, au njia za kwenda kwenye makaa ya mawe ya Namwele kabla hazijachongwa vizuri. Mkandarasi mmoja mwenye kazi za namna hiyo mwaka mzima anaweza kulilipa lori. Wawili wakilinunua, sina hakika na wa pili.

Na hata huyo mmoja, kabla hajaita fundi wa kuchomelea, ningemshauri asiliguse kwa jeki. Maji ya tangi la lita 3,500 yana uzito wa tani tatu na nusu, ule ule mzigo uliobaki kwa tipa, na tangi halihitaji kuinuliwa. Likifungwa kwa vishikio vitatu chesisi inabaki na uhuru wake wa kujisokota. Kimo si hoja, kwa kuwa maji hupandishwa na pampu, na pampu inazungushwa na kile kile kichota nguvu cha winchi. Ndani litiwe vizuizi viwili vitatu vya bati ili maji yasipige mbele gari linapofunga breki kwenye mteremko. Kuanzia Mei hadi Oktoba uwanda wa Ufipa ni mkavu, na moramu isiyomwagiwa maji haishindiliki. Kila kipande cha barabara ya udongo kinachojengwa kinataka boza, mara nyingi mahali ambapo boza la kawaida halifiki mtoni na kurudi. Mvua zikianza Novemba kazi ya boza inapungua, na kuanzia Januari Fuso za mahindi zinaanza kukwama njia za ndani. Winchi ibaki ilivyo, ipakwe grisi, na waya wake ukaguliwe.